Aliyemwaga Uji

Mama mmoja alisimama na mtoto wake kwenye foleni ya chanjo, akautazama mkono wangu, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Nesi, naomba anichomee mwenzako."

Ilikuwa Jumanne na kliniki ilikuwa imejaa. Mtoto alikuwa na wiki sita. Nilishusha macho nikaona kile alichokiona yule mama: ncha ya sindano ilikuwa inacheza, na haikuwa kidogo. Nilikuwa nimechoma watoto kwa miaka kumi na moja, na nilizoea kujisifu kwamba kwangu hawalii sana. Yule wa kwanza akahamia meza ya pili. Aliyekuwa nyuma yake naye akahama, na wa tatu, mpaka nikabaki na meza, pamba na boksi la barafu.

Nesi mkuu wetu, mwanamke wa makamo ambaye sote tulimwita Sista, alinishika kiwiko, akaniingiza stoo ya dawa na kufunga mlango.

"Umekunywa leo?"

"Hapana, Sista."

"Ndiyo maana unatetemeka," alisema. "Ukinywa hutetemeki. Unadhani sijui?"

Kama angenifokea ningevumilia. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa naamini hakuna binadamu anayejua. Kunywa kwangu hakukuwa na kelele. Sikuwahi kukaa baa. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita na hurudi mwisho wa mwezi, watoto wetu wawili wanasoma bweni, na mimi nilikuwa nanunua kichupa bapa cha pombe kali kwenye duka la mbali na kwangu Kiseke, namimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, natafuna pipi kifua. Kumbe Sista alijua tangu mwaka uliopita. Kumbe zile zamu za kupima uzito alizokuwa ananipanga asubuhi nyingi hazikuwa bahati. Alikuwa ananikinga, na anawakinga watoto dhidi yangu.

"Leo umeshika mtoto," alisema. "Hutagusa sindano tena mpaka nikuone uko sawa. Na usiache kwa ghafla peke yako, wewe nesi unajua degedege la mlevi anayekatiza pombe. Muone daktari, halafu tafuta watu wa kukaa nao. Ukishindwa mwezi huu nitaandika barua. Nitaiandika nikilia, lakini nitaiandika."

Daktari nilimpata, akanipa dawa za wiki. Watu wa kukaa nao ndio walionitesa. Nilimuuliza jirani mmoja, nikisingizia kwamba ni kwa ajili ya shemeji yangu, naye akanipeleka kwenye nyumba ya maombi. Kabla sijakaa vizuri nilijikuta mbele ya umati, mikono ya watu sita kichwani kwangu, wakimwamuru pepo wa ulevi atoke. Walinitikisa muda mrefu. Mwishowe nilianguka kwa sababu nilichoka kusimama. Wakashangilia. Nilikwenda nyumbani na goti limechubuka, nikanywa.

Nilipomsimulia Sista alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akasema kuna kikundi Kisesa, nyuma ya kanisa, Jumamosi saa kumi jioni. "Sijui wanafanya nini humo. Ila mdogo wa mume wangu alikwenda akiwa amekwisha kabisa. Sasa hivi anafuga kuku."

Kisesa nilipapenda papo hapo. Kutoka Kiseke ni mbali kiasi cha kutosha na hakuna mtu anayenijua. Jumamosi hiyo nilivaa miwani ya jua na mtandio nikaenda.

Walikutana kwenye darasa la chekechea. Ukutani kulikuwa na irabu zimechorwa kwa rangi, na viti vilikuwa vile vya watoto, kwa hiyo watu wazima kumi na wawili tulikaa magoti yakiwa karibu na videvu. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya pamba. Kushoto kwangu alikaa msichana wa saluni mwenye kucha ndefu za rangi. Wengine nakumbuka mikono yao tu: ya fundi pikipiki, ya mwalimu mstaafu, ya mwanamke anayekaanga samaki.

"Hapa hatuulizani majina," mzee alisema. "Kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Mtu akizungumza hatumkatizi, na hatumpi ushauri mpaka auombe mwenyewe. Karibu, dada."

Nilikuwa nimeanza kutulia pale mlango uliposukumwa kwa nyonga, jinsi mtu anavyosukuma mlango mikono yake yote ikiwa na mizigo. Akaingia mwanamke mzee mwenye chupa kubwa ya chai mkono mmoja na mfuko wa maandazi mkono mwingine. Nilikitambua kitenge kabla sijatambua uso, kwa sababu nilikinunua mimi.

Alikuwa mama yangu mzazi.

Lazima nieleze mama yangu ni nani. Ni mjane, anaishi Misungwi, analima mpunga na viazi, na ni mzee wa kanisa. Nyumbani kwake hata togwa ilikuwa haikai mpaka kesho yake, isije ikachacha. Siku mume wangu alipokuja kujitambulisha, mama alimsogelea kumsalimia akamnusa waziwazi mbele ya wajomba. Na kila Jumamosi, kwa miaka sita, alikuwa akituambia anakwenda kwenye kikundi cha akina mama. Tulidhani ni kikundi cha kusali. Kumbe alikuwa akipanda gari Usagara na kuifuata ile barabara inayotokea moja kwa moja Kisesa, kwa sababu ileile yangu: Kisesa hakuna anayemjua.

"Nani kakwambia niko hapa?" tuliulizana. Maneno yaleyale, kwa wakati mmoja.

Mdomo wangu ukafanya kile ulichozoea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu. Aliiweka chupa ya chai chini. Akaitazama miwani yangu na mtandio, akajaribu kutabasamu. "Umekuja kutufundisha? Mambo ya ini?"

Kutufundisha. Niliisikia hiyo "tu". Mama yangu alikuwa amejihesabu pamoja na wale watu bila kufikiri, kama mtu anavyotaja ukoo wake.

"Mnafahamiana?" mzee aliuliza.

"Ni mwanangu," mama alisema.

Mzee alitutazama kwa zamu. "Watu wa nyumba moja huwa hatuwaweki pamoja. Mmoja wenu anaweza kupumzika leo, hakuna ubaya."

Mimi sikunyanyuka, na mama hakunyanyuka. Alikaa upande wa pili, akaibana chupa ya chai katikati ya miguu yake kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya. Basi mzee akaniambia kwamba mgeni anaweza kusema kitu kama anataka, au akae asikilize tu.

Laiti ningesikiliza tu. Lakini nilikuwa nimejaa, na nilizungumza kama mtu anayetapika, mfululizo. Nikasema mimi ni nesi. Nikasema jana nimekunywa. Nikasema habari ya yule mama na mtoto wa wiki sita. Sikumtazama mama yangu. Nilipofika kwenye swali la kwa nini, nilishika jibu nililokuwa nalo tangu utotoni.

"Ni damu," nilisema. "Baba yangu alikuwa mlevi."

Nikakunja mkono wa gauni kuwaonyesha. Nina kovu kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono, ngozi imejikunja kama karatasi iliyoloa ikakauka. Niliwaambia kwamba nikiwa na miaka minne, kijijini kwa baba, kwenye ufuko wa ziwa upande wa Mara, baba aliingia jikoni amelewa akapiga teke sufuria la uji wa moto, ukanimwagikia. Ndiyo maana mama alinichukua tukahamia kwao Misungwi. Niliwaambia kwamba baba alikuja siku moja na baiskeli, samaki wamefungwa nyuma, nikiwa na miaka kumi na miwili, nikamfungia mlango. Nilipohitimu unesi alisimama getini na shati jeupe, nikapita na wenzangu kama simjui. Alipokufa, miaka saba iliyopita, nilikwenda kwenye mazishi asubuhi na jioni nikarudi.

Nilikuwa bado nasema nilipoona kwamba watu hawanitazami mimi. Walikuwa wanamtazama mama, kisha wanatazama sakafu. Yule msichana wa saluni aliliangalia kovu langu akafunika mdomo. Kazini nimeshaona watu wengi wakiliona kovu hilo kwa mara ya kwanza. Yeye aliliangalia kama mtu aliyesimuliwa habari za mji fulani, halafu leo amefika.

Mama akasimama.

"Mwenyekiti, najua hatukatizani," alisema. "Naomba nikatize."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, taratibu.

"Mwanangu, siyo kweli. Aliyemwaga uji ni mimi."

Nilicheka. Nilitoa sauti ya kicheko kabisa, ya mtu aliyesikia vibaya.

Mama aliendelea, na kilichonitisha ni jinsi alivyosema vizuri, bila kutafuta maneno, kama mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi. Alisema kule kijijini alikuwa anapika pombe ya kuuza, na taratibu akawa mteja wake wa kwanza. Asubuhi hiyo baba alikuwa ziwani kwenye dagaa. Yeye alikuwa ameshaonja tangu alfajiri. Alikwenda kuipua sufuria, akapepesuka. Baba alirudi akanikuta ndani ya beseni la maji, mama amekaa kando yangu anaimba.

"Unaimba?" niliuliza. Sijui kwa nini nilikwama hapo.

"Naimba. Sikujua la kufanya."

Njiani kwenda zahanati, alisema, baba alisimamisha baiskeli. Akamwambia, ndugu zangu wakijua ni wewe watakufukuza, na huyu mtoto atakua bila mama. Tuseme ni mimi. Mwanaume akisemwa mlevi, nani atashangaa?

"Nikakubali," mama alisema. "Nilidhani ni kwa wiki mbili, mpaka kidonda kipone. Watu wa kwetu waliposikia ni yeye wakaja kutuchukua, nikawafuata. Halafu wewe ukaanza kuuliza kovu limetoka wapi, nikakujibu vilevile. Na ukaamini. Na ukanipenda mimi."

"Baba alikuwa anakunywa?"

"Krismasi. Glasi moja, anasinzia."

Miaka ya Misungwi ikaanza kujipanga upya kichwani bila ruhusa yangu. Malaria ya mama. Kila wiki mama alikuwa na malaria, analala amejifunika gubigubi, na mimi nachemsha uji mwenyewe na kwenda shule. Mimi, nesi mwenye miaka kumi na moja kazini, sikuwahi kujiuliza ni malaria gani hiyo isiyo na homa.

Alisema ana miaka ishirini na sita hajaonja. Aliacha mwenyewe, peke yake, mwaka ule ule nilipomfungia baba mlango, kwa sababu alimwona akigeuza baiskeli. Lakini baba alipokufa kiu ilirudi kwa nguvu ya ajabu, ndipo akatafuta kikundi.

"Hawa walikuwa wanajua?" niliuliza.

"Wanajua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuja."

Watu wasiojua hata jina langu walikuwa wameujua mkono wangu kwa miaka sita. Nilinyanyuka, kiti kidogo kikaninasa gauni kikaanguka, nikatoka. Hakuna aliyenifuata, nadhani hiyo nayo ni kanuni yao.

Siku ile nilikunywa. Sitaki kulipita hilo. Nilishuka Igoma nikanunua chupa kubwa, maana vile vidogo sikuviona vinafaa kwa jambo la ukubwa huo, nikaimaliza nyumbani nimekaa sakafuni. Nilichokuwa nakiona ni baba getini na shati jeupe. Lilikuwa limepigwa pasi. Alikuwa ametoka Mara na shati lililopigwa pasi ili akasimame nje ya geti.

Wiki mbili mama alipiga simu nisipokee. Kisha ukaja ujumbe. Mama huandika bila nukta. "Mwanangu nenda jumamosi mimi siendi tena kiti ni chako."

Nilikwenda. Nilikwenda kwa hasira, kama mtu anayekwenda kuchukua haki yake, na pia kwa sababu mwezi wa Sista ulikuwa unaisha na sikuwa na pengine. Kiti cha mama kilikuwa kitupu na siku hiyo hapakuwa na chai. Nilisema kwamba nina siku nne. Wakapiga makofi. Tulipomaliza nilimuuliza mzee mama anahudhuria wapi siku hizi.

"Alituaga. Alisema atasali nyumbani." Akawa anapanga viti ukutani. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kutoa ushauri, lakini alisimama na kiti mkononi. "Umeniuliza, kwa hiyo nakujibu. Miaka ishirini na sita siyo ukuta, dada. Mimi niliacha miaka tisa, nikarudi kwa glasi moja ya harusi."

Nilitoka nje nikapiga simu. Mama alipokea mara moja.

"Mama, umekunywa?" Hata shikamoo sikutoa.

Nilisikia kuku upande wake.

"Bado," alisema.

Hakusema hapana. Alisema bado. Nilichukua bodaboda pale pale, nikamwambia dereva Misungwi kwa barabara ya Usagara, na njia nzima nilikuwa nasema "bado, bado" ndani ya kofia ngumu.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, jua bado liko juu ya mashamba. Mbele yake kulikuwa na kidumu cha njano cha lita tatu, kifuniko kimefungwa. Mikono ameikalia, kweli, ameiweka chini ya mapaja.

"Nimekinunua asubuhi," alisema. "Nimekaa nacho tangu asubuhi. Kimwage wewe. Mimi nikishika kifuniko nitakunywa."

Nilikibeba mpaka nyuma ya choo nikakifungua. Harufu ilinipanda puani, na nitasema ukweli, nilikitaka. Nilikuwa na siku nne na nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikaita, "Mama! Njoo usimame hapa!" Alikuja akasimama nyuma yangu, akanishika gauni mgongoni kama mtoto, na hivyo ndivyo nilivyomwaga. Kilichukua muda mrefu kuisha. Sote wawili tulikuwa tunatetemeka, na kwa mara ya kwanza nilimwona mama jinsi yule mwenye mtoto wa wiki sita alivyoniona mimi.

"Jumamosi utakuja," nilimwambia. "Ukae upande wako, mimi nikae upande wangu. Sijakusamehe. Lakini utakuja."

"Nitaleta chai," alisema.

Tumekaa hivyo kwa zaidi ya mwaka sasa. Nilianguka mara moja baada ya hapo, mwezi wa pili, na nilirudi kuhesabu kutoka siku ya kwanza mbele yake. Mume wangu nilimwambia aliporudi kutoka Geita. Siku ya tatu aliniuliza saa ngapi kikundi kinaanza, ili asipange safari ya Jumamosi. Sista alinirudishia sindano mwezi wa saba. Asubuhi hiyo alisimama nyuma yangu kwa watoto watatu wa kwanza, kisha akaniacha peke yangu.

Desemba mama aliniomba nimpeleke Mara. Alitaka kulisema jambo lile mbele ya dada wa baba, shangazi yangu, ambaye ndiye aliyempikia baba miaka yake yote ya upweke na kumzika uani, karibu na ufuko. Nilimwambia si lazima. Alisema kikundini amelisema mara nyingi kwa watu ambao jambo lenyewe halikuwahusu.

Alilisema akiwa amesimama, kabla hajapewa kiti. Shangazi alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo kaka yangu…" hakumaliza. Akaingia ndani akafunga mlango, na sisi tukabaki uani na mizigo yetu, sijui kama tukae au tuondoke. Dagaa zilibaki kwenye ungo, kuku wakaanza kuzisogelea, mama akawa anawafukuza.

Baada ya muda mrefu mlango ulifunguka. Shangazi alikuja na jembe akampa mama. "Majani yameota kaburini," alisema. "Palilia."

Mama alivua viatu akaenda. Ana miaka sitini na nane na mgongo wake ni mbovu. Alipoinama mara ya tatu nilinyanyuka kumsaidia, shangazi akanishika mkono, ule wenye kovu, akaubana.

"Muache," alisema. "Hiyo ni yake."

Tulisimama tukimtazama. Alipalilia kaburi lote, akazunguka akapalilia na njia inayokwenda ziwani, ambayo hakuna aliyemwomba. Ilipofika saa nane mchana, shangazi aliniachia mkono, akaenda mwenyewe kumchotea maji ya kunywa.